Antena ya Nyumba Inayohama

Baba hana mazoea ya kuomba. Kwa miaka yote niliyokaa Mwanza mjini, alichowahi kuniagiza ni betri za tochi na dawa ya kuchua goti. Kwa hiyo jioni ile aliponipigia simu kutoka juu ya jiwe (kisiwani kwake mtandao unashika juu ya jiwe moja tu, na kwa goti lile kulipanda ni safari) akasema, "Mwanangu, nitafutie antena ya TV, ya kuweka juu ya paa," nilikaa kimya mpaka akadhani simu imekatika.

"TV unayo, baba?"

"Ninayo. Nchi ishirini na nne, ya sola. Nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anahama."

Kule kwake kila mtu ni mtu anayehama. Kisiwa chenyewe kiko kaskazini ya Ukerewe, mwamba wenye mchanga pembeni, na watu wanakaa pale kwa sababu ya dagaa. Dagaa wakisogea, watu wanasogea. Nyumba ya baba ni mabati kumi na nane, mirunda, na mlango mmoja wa mbao ambao umesafiri majini kuliko mimi. Siku ya kuhama inafunguliwa asubuhi, inapangwa mtumbwini, na jioni imesimama kisiwa kingine, misumari ikigongwa kwenye matundu yale yale ya zamani. Mwaka 2020, ziwa lilipojaa kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, baba alihama mara mbili bila kutoka kisiwani. Aliipandisha nyumba juu kidogo, maji yakamfuata, akaipandisha tena.

Sasa antena ya nini kwenye paa la namna hiyo?

Hilo lilikuwa swali la kifundi, nami nililing'ang'ania kwa sababu sikutaka kuligusa lile jingine. Miaka mitatu kabla ya simu hiyo, mama alipofariki, nilimalizia chumba cha nyuma kwangu Buswelu. Nikapaka rangi, nikaweka kitanda, feni, na choo cha kukaa kwa ajili ya goti. Baba alikuja kukiona. Aligonga ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima mbao za mtumbwi, akasema, "Kizuri. Nitakuja." Tangu hapo kila mwaka alikuwa anakuja. Mtu anayekuja hanunui TV. Na mtoto anayemtafutia antena ameshakubali kwamba mzee haji.

"Mnunulie," mke wangu alisema. "Kwani asipokuwa na TV ndiyo atahamia hapa?"

Mimi ni mtoto wa chenga. Nasema hivyo kwa ajili ya wasomaji vijana ambao wameikuta picha ikiwa safi. ITV ilianza kurusha matangazo 1994, baadaye tukapata Star TV iliyozaliwa hapa hapa Mwanza, na nyumbani kwetu Kirumba tulikuwa na TV ya nyeusi na nyeupe yenye kisogo kirefu. Antena ilikuwa juu ya mti, na mti ulifungwa kwa waya kwenye kenchi. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa mtu wa paa. Mimi nilikuwa mtu wa dirisha. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele.

"Zungusha! Zungusha! Hapo hapo! Umepitiliza, rudisha! Kidogo! Usishike, achia mkono!"

Maana mkono wake ukiwa kwenye mti picha ilikuwa nzuri, akiachia inaondoka. Mwili wa mtu nao ni antena. Sikuijua fizikia yake wakati huo, lakini nilijua kwamba kaka yangu anaboresha picha kwa kuwapo tu. Ijumaa ile mchana, Mei 31, 2002, Senegal ilipocheza na Ufaransa, alikaa juu ya paa karibu kipindi kizima cha kwanza ameshika mti. Papa Bouba Diop alipofunga, sisi chini tuliona kitu kinagaagaa ndani ya chenga, tukasikia mtangazaji anapasuka. Kaka akauliza kutoka juu, "Nani? Nani kafunga?" Hakuna aliyemjibu, wote tulikuwa tunaruka.

Ninachotaka kusema kuhusu chenga ni kwamba zilikuwa na huruma. Mawimbi yakipungua, picha inapungua, lakini inabaki. Unaona kivuli, unasikia sauti, unamalizia kwa akili yako. Tarehe 28 Februari 2013, miezi miwili baada ya Dar es Salaam, mitambo ya analojia ikazimwa Mwanza, tukaingia kwenye ving'amuzi. Dijitali haina habari ya nusu nusu. Mawimbi yakitosha unaona kila unyasi wa uwanja. Yakipungua kidogo tu chini ya kiwango, picha inavunjika vipande vipande, inaganda mchezaji akiwa na mguu mmoja hewani, halafu kioo kinakuwa cheusi na maandishi yanayokuambia hakuna mawimbi. Kaka hakuiona dijitali. Nitalifikia hilo.

Basi nikaanza kutafuta. Usiku, familia ikilala, nikawa nasoma mtandaoni kuhusu antena za kuweka juu ya makazi yanayohama, na mahali niliponasa palikuwa Marekani. Kumbe kuna Wamarekani wengi wanaoishi au wanaosafiri kwenye magari-nyumba: gari lenye kitanda, jiko na choo, leo liko jangwani, kesho liko ufukweni. Na wanateswa na swali la baba yangu. Kuna wanaochagua antena ya mviringo, yenye umbo la sahani iliyofunikwa, inayopokea kutoka pande zote. Uzuri wake ni kwamba ukifika mahali hugusi kitu. Ubaya wake ni kwamba anayesikiliza pande zote hasikii mbali. Wengine wanachagua antena inayotazama upande mmoja, yenye nguvu zaidi, ambayo kwenye magari yao inainuliwa kwa kuzungusha mpini ulio ndani, darini, halafu unaigeuza taratibu mpaka picha ishike. Ugonjwa wa hizi za mpini ni kusahau. Mtu anawasha gari asubuhi antena ikiwa bado imesimama, anapita chini ya tawi, kwisha habari.

Nilimsimulia baba hilo kwenye simu. Alicheka mpaka nikaogopa ataanguka kutoka kwenye jiwe. "Kumbe na wao wanasahau nanga chini!"

Nikaenda Makoroboi. Wanaopafahamu wanajua: huendi pale kununua kitu kimoja, unaenda kubishana. Kijana wa duka nililoingia alikuwa na jibu kabla ya swali. Alinitolea ile antena ndefu ya vijiti, yenye umbo la mgongo wa samaki aliyeliwa akabaki mifupa, na kisanduku cha busta. "Hii inavuta kilomita mia, mzee wangu. Mia na zaidi, kama hakuna kizuizi. Ziwani kuna kizuizi gani?"

Nilishindwa kumjibu, nikalipa. Na kwa haki, antena ya mifupa ni kitu kizuri, kizuri hata kukitazama. Walioibuni ni Wajapani wawili, Yagi na Uda, mwaka 1926. Vile vijiti vimekatwa kwa kufuata wimbi: wimbi la megahezi 500, ambazo ndizo namba za TV zetu, lina urefu wa sentimita 60, na kijiti kinachokaribia nusu ya hapo, sentimita 30 hivi, ndicho kinacholipokea vizuri. Vijiti vya mbele, vifupi kidogo, vinalivuta wimbi lije. Kile cha nyuma, kirefu kidogo, kinalizuia lisipite. Baadaye nilipomweleza baba alielewa kabla sijamaliza. Jicho la wavu wa dagaa ni milimita nane. Ukitaka sangara, unabadilisha jicho. Unaamua unataka nini, ndipo unakata kamba.

Lingine lililonifanya niichukue ni fedha. King'amuzi cha antena, hata kifurushi kikiisha, chaneli za bure kama TBC1 zinaendelea kuonekana. Cha dishi si lazima kiwe hivyo. Niliwaza mzee kisiwani, kifurushi kimeisha, mimi mshahara haujaingia. Nikafunga antena kwenye gunia, nikaipeleka bandarini, nikamkabidhi mtu anayeaminika, ikaondoka na meli ya Nansio.

Wiki mbili kimya. Halafu simu: "Mwanangu, mfupa umefika. Hauna nyama."

Walikuwa wameufunga kwenye mrunda juu ya paa, mdogo wangu akauzungusha pande zote nne za dunia. Mwanza hakuna. Musoma hakuna. Busta likawashwa, likazimwa, likawashwa tena. Mirunda miwili ikaunganishwa ili antena ipande juu. Hakuna. Nilimpigia kijana wa duka, akaniambia nijaribu kubadilisha waya.

Nikaomba ruhusa kazini siku nne.

Meli ya asubuhi kutoka Mwanza hadi Nansio ni kama saa tatu, na kila nikiipanda namkumbuka mzee mmoja wa Ukerewe, Aniceti Kitereza. Aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakuna aliyekuwa tayari kuichapa kwa lugha ile. Akakaa chini, akaitafsiri yote mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Miaka thelathini na mitano kutoka kisiwa kile hadi kwetu! Nikiwa nimeegemea chuma cha meli, miguuni nimeweka mfuko wenye waya mpya wa antena nisiouamini, nilijisikia nafuu kidogo.

Kutoka Nansio nilichukua bodaboda hadi upande wa kaskazini, na kutoka hapo mtumbwi wa injini. Nilifika jua limeshaegemea. Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya nyumba, amevaa koti la mvua bila mvua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekonda."

Hakunionesha antena. Alinionesha mahali pa kuoga, akanipa ugali na sato, akaniacha nipumzike. Ilikuwa kipindi cha giza, mwezi haupo, na hicho ndicho kipindi cha kazi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, watu wanashona nyavu na kulala. Zamani taa zilikuwa karabai. Siku hizi ni taa za betri zilizochajiwa kwa sola, zinaelea juu ya maji, lakini wazee bado wanaziita karabai na mimi sina ugomvi nao. Jioni vijana wakaanza kushuka majini. Mdogo wangu alipita akiwa amebeba betri begani, akaniambia, "Kaka, tutaongea asubuhi," akaingia.

Saa tatu usiku baba akaniambia twende. Tulitembea polepole hadi mwisho wa mchanga. Ziwa lilikuwa limejaa taa, kama mji mwingine umejengwa pale tangu magharibi.

"Hesabu zile za mbali," alisema.

Nilihesabu saba.

"Sasa chuchumaa. Shusha macho karibu na maji."

Nikachuchumaa. Zikawa nne.

"Simama juu ya hilo jiwe."

Zikawa tisa.

Hakusema kitu kingine, akaanza kujikuna goti. Mimi nilisimama juu ya jiwe nikijiona mjinga aliyesoma. Ziwa si tambarare. Dunia ina mgongo, na ziwa lenye karibu kilomita za mraba 69,000 nalo lina mgongo. Taa ya mtumbwi inazama nyuma ya mgongo huo, na mawimbi ya TV yanazama vivyo hivyo, kwa sababu yanakwenda karibu yamenyooka kama mwanga. Kijana wa Makoroboi aliuliza ziwani kuna kizuizi gani. Kizuizi ni maji yenyewe.

Usiku ule nilifanya hesabu kwenye simu, kwa kanuni wanayotumia watu wa redio: mnara uliosimama mita 150 juu ya maji unaona kama kilomita 50. Antena iliyo mita nne juu ya maji inaongeza nane. Ukiipandisha hadi mita tisa, umepata kumi na mbili badala ya nane. Yaani ile mirunda miwili iliyofungwa kwa hatari juu ya paa ilitununulia kilomita nne tu. Kisiwa cha baba kiko zaidi ya kilomita 80 kutoka Mwanza, na vilima vya Ukerewe viko katikati. Busta nalo haliumbi mawimbi, linakuza yaliyopo. Hapakuwa na cha kukuza.

"Kwa nini hukuniambia kabla sijanunua?" nilimuuliza asubuhi.

"Uliniuliza?"

Ikabaki dishi. Dishi halijali mgongo wa ziwa, linatazama juu. Lakini nilikuwa nimelikwepa tangu mwanzo kwa sababu ya kuhama. Kila mtu anajua dishi likisogezwa kidole kimoja limepotea, na kumwita fundi kisiwani kila baba anapobadilisha mchanga ni jambo lisilowezekana. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, na safari hii kosa lilinifurahisha. Setilaiti ya kampuni tuliyoichagua imesimama nyuzi 7 mashariki, juu ya mstari wa ikweta, kilomita karibu 36,000 kutoka ardhini. Kutokea huku kwetu iko magharibi, kulia kidogo ya pale jua linapozama mwishoni mwa Machi, na iko juu sana, kama nyuzi 60. Baba akihama kilomita thelathini kwenda kisiwa kingine, pembe hiyo inabadilika kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja. Kwa macho ya setilaiti, baba yangu hajawahi kuhama hata siku moja. Yuko pale pale.

Kwa hiyo kinachopotea wakati wa kuhama si pembe, ni usawa. Paa la mabati kumi na nane halina usawa. Linapumua na upepo, linashuka na mirunda. Baba alikataa paa kabla sijafungua mdomo. Aliagiza ringi kuukuu ya gari kutoka Nansio, tukaichomeka bomba katikati na kumimina zege. Ikawa na uzito wa kubebwa na vijana wawili. Kwenye bomba akapiga alama ya rangi nyekundu inayotazama magharibi. Skrubu ya kuinua dishi nilipoikaza mara moja, aliniambia nisiache spana karibu, mtu asije akaigusa. Kila akihama, kazi ni kulaza ringi sawasawa kwa kutumia maji kwenye sahani, kugeuza alama nyekundu kwenye upande wake, na kusogeza kidogo kushoto au kulia mpaka king'amuzi kikubali. Amehama mara mbili tangu hapo. Mara ya pili, mdogo wangu anasema, ilimchukua muda wa kuchemsha chai.

Siku dishi liliposhika nilimuuliza kile ambacho ningepaswa kumuuliza kwenye simu ya kwanza. Redio anayo, nzuri, ya mkulima. Taarifa ya habari anasikia. Utabiri wa hali ya hewa anasikia. Kibanda umiza kipo mwisho wa kambi, akitaka mpira atalipa kama wengine. TV ya nini?

Alikuwa anafuta mchanga kwenye kioo kwa mkono wa shati.

"Redio inasema upepo mkali na mawimbi makubwa, baadhi ya maeneo ya Ziwa Victoria," alisema. "Baadhi yapi? Hili ziwa unaliona lilivyo. Nataka niione ramani. Nione yule dada mkono wake unapita wapi."

Usiku kaka alipopotea, mwaka 2009, redio ilisema hivyo hivyo. Baadhi ya maeneo. Baba wakati huo alikuwa bado na goti zima, alikuwa kwenye mtumbwi mwingine, alirudi. Dhoruba za ziwa hili zina tabia ya usiku: nchi kavu inapoa, upepo unashuka kuelekea majini kutoka pande zote, unakutana katikati, na hewa ya joto iliyo juu ya ziwa inapanda. Mawingu yanajengeka gizani wakati taa zote ziko nje. Sisi hatujawahi kulizungumza jambo hilo zaidi ya sentensi mbili, na siku ile hatukuongeza ya tatu. Aliendelea kufuta kioo ambacho kilikuwa kimeshakuwa safi.

Nikamwambia udhaifu wa dishi, kwa sababu ilikuwa lazima ajue. Mvua nzito ikisimama kati ya dishi na setilaiti inameza mawimbi. Usiku wa dhoruba, hapo hapo unapoihitaji, picha itavunjika.

"Itavunjika kabla mvua haijafika hapa, au baada?"

Sikulitegemea swali hilo. Nikafikiri. Dishi linatazama magharibi kwa pembe ya juu, kwa hiyo mvua inayolisumbua ni ile iliyo ndani ya kilomita mbili tatu upande huo. Inaweza kuvunjika dakika chache kabla, kama mvua inatokea magharibi. Ikitokea mashariki, inakuwa imeshatulowesha.

"Dakika chache ni nyingi," alisema.

Jioni ya mwisho nilielewa jambo jingine, na hili hakuna aliyenieleza. Vijana wa mitumbwi yake walipita kama saa kumi na mbili, kabla ya kushuka majini, na mbele ya nyumba palikuwa na benchi mbili ambazo sikuwa nimeziona. Mpya, mbao bado zinanuka. Walikaa, wakaangalia taarifa ya mapema na vipande vya mpira wa jana, wakabishana kuhusu Simba na Yanga kama watu wote wa nchi hii. Baba hakuangalia kioo. Alikaa pembeni kwenye ndoo yake, amewaelekea wao. Mmoja alipochelewa, alimuulizia kwa jina. Mmoja alikuwa anakohoa, akamwambia asiende leo, na yule kijana akabisha, na baba akamwambia tena kwa sauti ile ile, na kijana akabaki. Walipoondoka, benchi zikabaki na baridi ya jioni, naye akazima TV ili kutunza betri.

Kwa kibanda umiza wangekaa mwisho wa kambi, wamempa mgongo.

Mwezi uliopita alinipigia saa sita usiku. Simu ya saa sita usiku kutoka jiwe lile inaamsha nyumba nzima. Mke wangu alikuwa ameshakaa kitandani kabla sijapokea.

"Picha ilivunjika saa nne," alisema. Nyuma yake nilisikia upepo, na kitu kama bati linalogonga. "Nikapanda hapa juu, nikawapigia wenye simu. Nilioanza nao wakawapungia tochi wengine. Wameingia."

"Wote?"

"Nimeita majina. Wote. Mdogo wako yupo hapa, analalamika nimemkosesha ndoo nne."

Nikasikia sauti ya mdogo wangu ikilalamika kweli.

"Na mvua?"

"Imepita upande. Haikuwa kubwa." Alinyamaza, nikadhani mtandao umeondoka. "Sasa wananicheka. Wanasema mzee anaongozwa na dishi."

Sikuwa na la kusema, nikamwambia ashuke taratibu, jiwe limelowa.

"Kile chumba chako," alisema. "Kipangishe. Feni itaoza."

"Feni haiozi, baba. Inashika kutu."

"Haya, itashika kutu." Akasogeza simu, akaikaribisha tena. "Na kifurushi kinaisha Jumamosi."